UZI: Glenda Jackson: Oscar mbili, miaka 23 bungeni, kisha Mfalme Lear akiwa na miaka 80

Kibaraza cha Sinema (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kwenye uzi wa waigizaji wa zamani kuna mdau aliandika kwamba Uingereza ilitoa waigizaji wawili tu wa kike wa maana, Maggie Smith na Judi Dench, waliobaki wote ni wasindikizaji. Like zikamiminika. Mimi nikaona hapana, mama kama Glenda Jackson hapitwi hivi hivi. Kule ningeharibu mada ya watu, kwa hiyo nimemfungulia uzi wake.

Nitashusha kwa awamu. Mwenye swali aulize, mwenye kubisha abishe, mwenye matusi jukwaa la siasa liko wazi saa 24.

Tuanzie nyumbani kwao, maana bila nyumbani kwao huyu mama humwelewi. Amezaliwa 9 Mei 1936 Birkenhead, mji ulio ng'ambo ya mto Mersey ukitazamana na Liverpool. Baba fundi mwashi. Mama alikuwa akiuza dukani na kufanya usafi kwenye nyumba za watu. Watoto wanne, wote wa kike, yeye kifungua mimba. Jina la Glenda mama yake alilitoa kwa Glenda Farrell, nyota wa Hollywood wa miaka ya 1930. Kwa hiyo sinema ilikuwemo kwenye jina, lakini mezani hakukuwa na kitu cha ziada.

Shule ilipoisha, akaajiriwa Boots, lile duka kubwa la dawa, akakaa nyuma ya kaunta kama miaka miwili. Jioni alikuwa akienda kwenye kikundi cha maigizo cha mtaani, cha kujifurahisha tu. Huko akaambiwa ajaribu chuo cha RADA London, ambacho ndicho chuo chenye jina kuliko vyote vya uigizaji kule. Akaomba, akapata nafasi na ufadhili, mwaka 1954 akaanza.

Chuoni wakamwambia kitu ambacho mimi ningeambiwa ningerudi kuuza dawa. Wakamwambia asitegemee kupata kazi nyingi kabla hajafikisha miaka 40, kwa sababu sura yake si ya mhusika mkuu wa kike, ni ya wahusika wa pembeni. Enzi hizo mwigizaji wa kike alitakiwa awe mrembo wa kwenye kalenda, azungumze kama binti wa kitajiri. Glenda alikuwa na mifupa ya uso iliyochongoka, meno yasiyopangika na sauti nzito kama ya mtu anayekudai.

Awamu ya pili inakuja, nikanywe chai.

Mshika Remote

Siti ya mbele kabisa, mkuu. Nimeweka kambi.

Nyundo ya Tandale

Mleta uzi, mimi huyu mama namjua kwenye kile kipande cha bunge akimchana Thatcher, yule waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, tu. Sikujua kama ana Oscar hata moja, achilia mbali mbili. Shusha.

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Salaam wanangu. Mimi nilimwona kwenye runinga nilipokuwa nasoma Uingereza, miaka ya sabini mwishoni. Wenzangu wa bweni walikuwa wanamwogopa. Namaanisha kwenye runinga! Mtu yuko ndani ya kioo na bado unakaa vizuri kwenye kiti.

Kibaraza cha Sinema

Bi Mkubwa shikamoo. Karibu sana, nitahitaji ushahidi wako mbele huko.

Tuendelee. Alianza jukwaani mwaka 1957 kwenye kampuni za mikoani, zile ambazo wiki hii mnaonyesha mchezo huu na mchana mnafanya mazoezi ya mchezo wa wiki ijayo. Mwaka 1958 akaolewa na Roy Hodges, naye mtu wa maigizo. Kazi zikawa za kubahatisha. Kuna vipindi virefu alikaa bila jukwaa kabisa, akahudumu mahotelini na kurudi dukani. Habari za ndoa nitazipitia haraka: mtoto mmoja, Dan, aliyezaliwa 1969, ndoa ikavunjika 1976. Dan Hodges leo ni mwandishi wa safu za siasa kwenye magazeti ya Uingereza, na mara nyingi ameandika mambo ambayo mama yake hakuyakubali.

Mlango ulifunguka 1964. Mwongozaji Peter Brook, akiwa na Royal Shakespeare Company, kampuni kubwa ya maigizo ya jukwaani, alikuwa anakusanya waigizaji wa kufanya majaribio, vitu vya ajabu ambavyo watazamaji wa London hawakuvizoea. Kutoka hapo ukazaliwa mchezo unaoitwa Marat/Sade. Wagonjwa wa hospitali ya vichaa ya Charenton, Ufaransa, wanaigiza mbele ya wageni jinsi mwanamapinduzi Marat alivyouawa ndani ya beseni la kuogea. Glenda ni mgonjwa mwenye maradhi ya usingizi na huzuni, amepewa nafasi ya muuaji, Charlotte Corday. Sasa fikiria: anaigiza mtu anayesinzia huku mtu huyo anaigiza mtu mwenye kisu.

Kuna tukio Corday anatakiwa amchape mijeledi Marquis de Sade, mgonjwa anayeuongoza mchezo wenyewe. Brook hakumpa mjeledi. Mwigizaji wa de Sade anapiga magoti, mgongo wazi, na Glenda anamchapa kwa nywele zake. Anazungusha kichwa taratibu, nywele zinapita hewani, zinatua mgongoni. Hakuna damu wala kelele, na watu waliokuwa ukumbini waliona afadhali mjeledi. Mchezo ulikwenda Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, ukaja kuwa filamu 1967. Kipande hicho mnaweza kukitafuta.

Na mwaka 1965 akawekwa kuwa Ophelia kwenye Hamlet ya Shakespeare, David Warner akiwa Hamlet. Ophelia tunamjua, binti laini wa kulia na kuokota maua. Glenda akamcheza kwa hasira. Mhakiki Penelope Gilliatt akaandika kwamba huyo ndiye Ophelia pekee aliyewahi kumwona ambaye yuko tayari kuigiza Hamlet mwenyewe. Wekeni alama hapo. Mwaka 1965 mtu alishaona kwamba huyu dada nafasi za wanaume zinamtosha.

Kijana wa Posta

Mkuu kama hatujasoma Shakespeare tutaelewa? Wengine tunamjulia kwenye tafsiri za Mwalimu Nyerere tu.

Kibaraza cha Sinema

Utaelewa, na ukiwa umepitia za Mwalimu umetuzidi wengi humu.

Sasa filamu. Mwaka 1969 Ken Russell, mwongozaji asiyejua breki, alitengeneza Women in Love kutoka riwaya ya D.H. Lawrence. Glenda ni Gudrun, msanii kutoka mji wa migodi ya makaa ya mawe, anayempenda tajiri wa mgodi na kumvunja vipande. Mwenzake alikuwa Oliver Reed, jitu la nguvu. Kuna sehemu Gudrun anacheza dansi peke yake mbele ya kundi la ng'ombe wenye mapembe marefu, anawasogelea, ng'ombe wanarudi nyuma. Ukiangalia vizuri wakati mwingine unaona tumbo limeanza kuchomoza, alikuwa na mimba ya Dan. Filamu hiyo ikampa Oscar ya kwanza, tuzo za mwaka 1970.

Mwaka 1971 peke yake unatosha maisha ya mwigizaji mwingine mzima. Filamu mbili kubwa, The Music Lovers na Sunday Bloody Sunday; hiyo ya pili ikampa BAFTA, tuzo ya filamu na runinga ya Uingereza. BBC nao wakarusha Elizabeth R, michezo sita kuhusu Malkia Elizabeth wa Kwanza, kuanzia msichana anayehofia kukatwa kichwa mpaka kikongwe anayekataa kulala kitandani afe. Ili kupata lile paji refu la uso la malkia, Glenda alikubali kunyolewa nywele za mbele kabisa, wembe, sio kofia ya mpira ya kubandika. Kazi hiyo ilimletea Emmy mbili, tuzo za runinga za Marekani. Na mwaka huohuo akamcheza Elizabeth yuleyule kwenye filamu nyingine, Mary, Queen of Scots, safari hii akipambana na Vanessa Redgrave.

Sasa hii ninayoipenda kuliko zote. Mwaka huohuo wa 1971 wachekeshaji wawili wa runinga, Morecambe na Wise, walimwalika kwenye kipindi chao. Hawa walikuwa na mtindo wa kumwita mtu mzito mwenye heshima zake wakampa nafasi kwenye mchezo wa kijinga ulioandikwa vibaya makusudi. Glenda akawekwa kuwa Cleopatra. Akavaa, akakaa, akatoa maneno yale mabovu yenye sarufi iliyovunjika kwa uso uleule aliotumia kwa Malkia Elizabeth. Hacheki hata ukope. Uingereza ilianguka kwa kicheko.

Mtayarishaji wa Kimarekani, Melvin Frank, akaona kipindi kile. Kumbe huyu mwanamke anachekesha! Akampa filamu ya vichekesho, A Touch of Class, pamoja na George Segal, 1973. Oscar ya pili. Wale wachekeshaji wakampelekea telegramu kwamba abaki nao, watampatia na ya tatu.

Nyundo ya Tandale

Kwa hiyo Oscar imetokana na komedi ya runinga? Hapa ndipo ninapowaambia wasanii wetu wasidharau vipindi.

Mshika Remote

Nimesoma mahali kwamba hakwenda kuzichukua zote mbili. Kweli au porojo? Kama kweli huo ni ujivuni.

Kibaraza cha Sinema

Kweli kabisa, hakuhudhuria sherehe hata moja kati ya hizo mbili. Aliteuliwa mara nne, ukiongeza Sunday Bloody Sunday na Hedda ya 1975. Sanamu akampa mama yake azitunze kule kwao. Mama, mwanamke aliyezoea kusafisha vitu vya watu, akawa anazisugua zing'ae. Akasugua, akasugua, mpaka ile dhahabu ya juu ikaanza kutoka na chuma cha ndani kikaonekana. Glenda alikuwa akisimulia kisa hiki kwa furaha kubwa, akisema hiyo ndiyo Oscar yenyewe: kinachong'aa kiko juu tu.

Ujivuni? Mimi siuoni. Mtoto wa fundi mwashi anajua ukuta unasimama kwa sababu ya tofali, sio kwa sababu ya sherehe ya ufunguzi.

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Na mimi niseme kidogo. Kijana Mshika Remote, wakati ule mwanamke wa Uingereza akiwa na lafudhi ya kaskazini na asiyejipaka sana alikuwa anaonekana mpishi au mfanyakazi wa ndani kwenye sinema. Huyu alipotokea, wanafunzi wenzangu wa kike waliotoka miji ya viwanda walikaa wima. Walikuwa wakisema, "Anaongea kama mtu aliyewahi kulipa kodi ya nyumba." Sisi wa nje hatukuijua tofauti hiyo, tulielezwa.

Kibaraza cha Sinema

Ndiyo maana nilisema nitahitaji ushahidi wako, Bi Mkubwa.

Miaka ya themanini naiendea mbio kidogo. Jukwaani aliendelea vizuri, London na Broadway, ikiwemo Macbeth ya 1988 na Christopher Plummer. Mwaka 1986 alicheza The House of Bernarda Alba London, mwongozaji akiwa Mhispania Núria Espert. Jina hilo msilisahau. Filamu zikapungua uzito. Yeye mwenyewe miaka yote alikuwa na lalamiko moja, kwamba waandishi wa tamthilia hawaoni chochote cha kusisimua kwa mwanamke. Mwanamke anaandikwa awe mke wa fulani, mama wa fulani, au mpenzi wa fulani anayesubiri simu.

Huku Thatcher wa chama cha Conservative alikuwa waziri mkuu, 1979 hadi 1990. Glenda alikuwa mtu wa Labour, chama pinzani, tangu ujana, kwa hiyo kila mwaka uliopita hasira ikawa inapanda. Mwaka 1992, akiwa na miaka 55, akagombea ubunge Hampstead na Highgate, kaskazini mwa London, jimbo lililokuwa mikononi mwa Conservative. Labour kitaifa wakashindwa uchaguzi ule, yeye akashinda. Siku hiyo akaacha kuigiza. Hakucheza filamu za likizo wala tangazo la sabuni. Miaka 23.

Kijana wa Posta

Subiri kwanza. Miaka 23? Alitegemea nini, kuwa waziri mkuu?

Kibaraza cha Sinema

Cheo cha juu alichofika ni naibu waziri wa uchukuzi, 1997 hadi 1999, serikali ya Tony Blair. Akajiuzulu akatafute kuteuliwa na chama kugombea umeya wa London, akashindwa ndani ya chama. Baada ya hapo alikuwa mbunge wa viti vya nyuma, yaani asiye na cheo serikalini, na mmoja wa waliompinga Blair hadharani juu ya vita vya Iraq. Mwaka 2010 mipaka ya majimbo ilishabadilishwa, akagombea Hampstead na Kilburn. Kura zikahesabiwa upya, akashinda kwa tofauti ya kura 42. Arobaini na mbili, wakuu. Hiyo ni familia mbili za Kigamboni siku ya harusi.

Nyundo ya Tandale

Sasa weka ile ya Thatcher.

Kibaraza cha Sinema

Tarehe 10 Aprili 2013. Thatcher amefariki siku mbili kabla, bunge limeitwa kutoka likizo kumuenzi. Wabunge wengi wa Labour hawakuja kabisa, waliokuja wakasema maneno ya adabu ya msibani. Glenda akasimama, miaka 76, nywele fupi za mvi, hana hata chembe ya poda, koti limekaa kama alilichukua mlangoni akitoka. Hakupaza sauti mwanzoni. Alisema sera za Thatcher ziliifanyia nchi uharibifu mkubwa wa kijamii, kiuchumi na kiroho. Akaeleza aliyoyaona jimboni: shule ambazo plasta ya ukutani ilikuwa imeshikiliwa na michoro ya watoto na gundi ya karatasi, rafu za vitabu zilizo tupu, watu wanalala kwenye milango ya maduka. Akasema yale yote aliyofundishwa utotoni kwamba ni maovu, uroho, ubinafsi, kumpiga kiwiko aliye dhaifu, yaligeuzwa kuwa sifa njema.

Wabunge wa upande wa pili wakaanza kuzomea. Ndipo sauti ikapanda, na hapo unamwona mwigizaji wa Royal Shakespeare Company, kwa sababu kelele za ukumbi mzima hazikumfunika. Akamalizia kwa kusema waziri mkuu wa kwanza wa jinsia ya kike, sawa, lakini mwanamke? Kwa vigezo vyake yeye, hapana.

Mbunge mmoja wa Conservative akasimama kuhusu utaratibu. Spika, John Bercow, akasema hakuna lililotamkwa linalovunja kanuni.

Dada Mwanaidi

Mimi hapo namlaumu. Maiti haijazikwa. Kwetu hata adui yako akifa unakwenda matangani unakaa kimya, unakunywa kahawa unaondoka.

Nyundo ya Tandale

Dada Mwanaidi, pale si matangani, ni bungeni. Wao ndio waliogeuza bunge kuwa matanga. Kama mada ni utumishi wa marehemu, basi na waliotumikiwa vibaya wasemewe.

Dada Mwanaidi

Angeweza kubaki nyumbani kama wenzake. Kutokuja nako ni kusema.

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Mwanaidi mwanangu nakuelewa, ila wapo waliopoteza kazi kwenye migodi na viwanda miaka ile na hawakuwahi kupata wa kuwalilia bungeni. Mimi niliishi nao. Sikufurahi siku ile lakini sikushangaa.

Mshika Remote

Turudi kwenye sanaa. Hoja yangu ni hii: Hampstead wangepata mbunge mwingine yeyote, dunia haikupata Glenda mwingine. Judi Dench alianza kuwa bosi wa James Bond 1995 akiwa na miaka 60, miaka michache baadaye akachukua Oscar kwa dakika chache kwenye Shakespeare in Love. Maggie Smith kapendwa na watoto wa dunia nzima kwa Harry Potter. Glenda muda huo anajibu barua za wapigakura kuhusu mabomba ya maji. Umri wa miaka 55 hadi 78 umekwenda. Hiyo ni hasara, usiipambe.

Kibaraza cha Sinema

Hoja nzito, na ndiyo sababu hasa ya uzi huu. Wewe unahesabu filamu ambazo hakuzifanya. Mimi naangalia alichorudi nacho.

Mwaka 2015 hakugombea tena. Kabla hata hajapumzika akafanya mfululizo wa redio wa BBC kutoka riwaya za Émile Zola. Halafu akaenda Barcelona kumtazama rafiki yake, yule Núria Espert niliyewaambia mumkumbuke, akiigiza Mfalme Lear. Espert akamwambia na wewe fanya.

Oktoba 2016, ukumbi wa Old Vic, London. Mwongozaji Deborah Warner. Glenda ana miaka 80, hajakanyaga jukwaa miaka 25, na anarudi kwa nafasi ambayo waigizaji wanaume wa miaka 60 huiogopa kwa wingi wa maneno na nguvu inayotakiwa. Wasioijua hadithi: mfalme mzee anagawa nchi kwa mabinti zake kulingana na nani atamsifu zaidi, anamfukuza anayempenda kweli, kisha wale wawili wenye ndimi tamu wanamtupa nje kwenye dhoruba, akili inamtoka. Celia Imrie na Jane Horrocks ndio mabinti wabaya, Rhys Ifans mchekeshaji wa mfalme. Dhoruba ilitengenezwa kwa mashuka makubwa ya plastiki nyeusi yanayopigwa na upepo, na katikati yake kuna kibibi chembamba kinatoa sauti ya kutingisha viti vya ghorofani.

Hakujifanya mwanaume. Hakubandika ndevu, hakuigiza mwendo wa kidume. Alipoulizwa alifanyaje, alisema alipokuwa mbunge alizoea kutembelea nyumba za wazee, na huko aliona kwamba mtu akizeeka ile mipaka inayomtenganisha mwanaume na mwanamke inaanza kupasuka. Mzee wa kiume anakuwa mlaini, bibi anakuwa na amri. Akamjenga Lear kwa hao.

Sasa Mshika Remote, niambie Judi Dench angeyapata wapi hayo? Simdharau, nampenda. Lakini mwigizaji anayekaa miaka 23 kwenye sinema anakutana na waigizaji. Huyu alikaa miaka 23 akipokea kila wiki watu wanaofukuzwa kwenye nyumba, wazee waliosahauliwa na watoto wao, mama aliyenyimwa posho. Lear akiwa dhoofulhali kwenye mvua anasema maskini walio uchi sikuwajali vya kutosha nilipokuwa na madaraka. Anayeyasema hayo alikuwa naibu waziri.

Mshika Remote

Umenibana lakini sijaanguka. Bado angeweza kutembelea wazee bila kuwa mbunge.

Kibaraza cha Sinema

Angeweza. Wangapi walitembelea?

Namalizia miaka ya mwisho, maana ni ya ajabu. 2018 Broadway, Three Tall Women ya Edward Albee. Yeye ni bibi tajiri anayesema ana miaka 91, kijana wa ofisi ya mwanasheria anasisitiza ni 92, na wanagombania huo mwaka mmoja. Akashinda Tony, tuzo ya maigizo ya Broadway, akiwa na miaka 82, baada ya kuteuliwa na kukosa mara nne tangu ile Marat/Sade. Kwa hiyo Oscar, Emmy na Tony zote anazo. 2019 akarudi New York na Lear nyingine, mwongozaji mwingine, ambayo wahakiki hawakuipenda kama ile ya London. Mimi nadhani waongozaji walijaza vikorombwezo.

Mwisho wa 2019 BBC wakarusha Elizabeth Is Missing. Maud, bibi mwenye ugonjwa wa kusahau, ana hakika rafiki yake Elizabeth amepotea na hakuna anayemsikiliza. Ndani yake kuna kifo cha zamani, dada yake aliyetoweka baada ya vita vya pili, na vitu viwili hivyo vimechanganyika kichwani. Mifuko imejaa vikaratasi alivyojiandikia. Anakisoma kimoja, anakielewa, anainua macho, kimeshapotea. BAFTA ya 2020.

Dada Mwanaidi

Hiyo niliiona. Bibi yangu mzaa mama aliondoka hivyo hivyo, miaka mitatu akiniita jina la dada yake marehemu. Kilichoniuma kwenye ile filamu ni hasira. Watu wakiigiza ugonjwa ule wanaigiza upole, kichwa kimeinama, macho maji. Bibi yangu hakuwa mpole. Alikuwa anajua kuna kitu anafichwa, akawa mkali kwa kila mtu ndani ya nyumba, hata kwa paka. Glenda akimfokea mwanae pale jikoni, nilisimamisha nikatoka nje kwanza. Kwa hiyo pamoja na Thatcher yenu, hapo nampa heshima yake yote.

Kibaraza cha Sinema

Dada Mwanaidi, pole kwa bibi. Umeeleza kuliko nilivyoeleza mimi.

Kazi yake ya mwisho ni The Great Escaper, pamoja na Michael Caine, waliyewahi kucheza pamoja 1975 kwenye The Romantic Englishwoman. Ni kisa cha kweli cha mzee aliyetoroka nyumba ya wazee Hove mwaka 2014 kwenda Ufaransa kwenye kumbukumbu ya miaka 70 ya kutua kwa majeshi Normandy. Glenda ni mke anayebaki nyuma na kumfichia siri. Alifariki nyumbani kwake Blackheath, London, 15 Juni 2023, miaka 87. Filamu ikatoka Oktoba mwaka huohuo. Caine naye baada ya hiyo akatangaza kustaafu.

Miaka ya mwisho aliishi chumba cha chini kwenye nyumba ya mwanae Dan, pamoja na wajukuu juu. Bustani alilima mwenyewe, na sigara hakuacha.

Kijana wa Posta

Mkuu nianze na ipi? Bando langu si la kuchezea.

Kibaraza cha Sinema

Anza na Elizabeth Is Missing, haizidi saa moja na nusu na Kiingereza chake ni cha kawaida. Halafu kile kipande cha Cleopatra, dakika chache tu, uone uso uleule ukikuchekesha. A Touch of Class ukiwa na mtu wa kuangalia naye. Women in Love iache mpaka watoto walale, Ken Russell hakuwa na aibu. Elizabeth R ni ndefu na seti zake ni za mbao na pazia, lakini sehemu ya mwisho, malkia amesimama anakataa kukaa kwa kuwa akikaa hatainuka, hiyo hata kwa bando la kukopa.

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Na hotuba ya bungeni asiiruke. Mwanaidi, hata wewe irudie, sasa umeshajua alivyoigiza. Uniambie kama pale alikuwa anaigiza.

Dada Mwanaidi

Nimeirudia sasa hivi, Bi Mkubwa. Haigizi. Na bado nasema angengoja azikwe.